Namna ya Kueleza Jinsi Kinga ya Mwili Inavyoitambua Seli ya Saratani ya Titi

Mama mmoja wa makamo katika kikundi chetu cha wanawake, kinachokutana Ngamiani jijini Tanga, aliniuliza swali lililonirudisha vitabuni kwa wiki nzima. "Mwanangu," alisema, "mwili huu umepambana na malaria tangu utotoni, nikaugua na nikapona. Leo uvimbe umekaa kwenye ziwa langu mwaka mzima, na hiyo kinga mnayoisifu haikushtuka. Ilikuwa imelala?" Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kinga yake ilikuwa imeshuka, jibu ambalo wengi wetu tunaofundisha afya hulitoa kwa wepesi, na ambalo kwa saratani ya titi halielezi kilichotokea.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yeyote atakayekabiliwa na swali hilo: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa baiolojia, au binti anayemuuguza mama yake na kutakiwa afafanue kile ambacho daktari alikisema kwa haraka. Somo zima huchukua kama saa mbili, nalo halihitaji maabara wala umeme. Linahitaji watu wasiopungua wanane, shanga ndogo za kutosha kutunga nyuzi kumi na mbili za shanga tisa tisa, shanga chache kubwa kidogo, nyingine chache za rangi tofauti, kanga mbili na masinia manne. Zaidi ya vifaa hivyo, linahitaji mwalimu aliyekwisha kushika jambo moja, kwamba mara nyingi kinga huzidiwa na saratani ya titi si kwa kukosa nguvu, bali kwa kushindwa kumtambua adui aliyezaliwa ndani ya nyumba. Mwalimu asiyelishika jambo hili atajikuta anawafungulia mlango wauza dawa za kuongeza kinga, hata kama hakukusudia.

Anza na CD4

Usianze na saratani. Anza na neno ambalo karibu kila mtu mzima hapa kwetu amelisikia kliniki, yaani CD4, na uwaulize wanalielewaje. Wengi watasema ni askari wa mwili. Wachache watasema ni hesabu wanayopimwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Majibu yote mawili yanakufaa. Eleza kwamba CD4 ni protini inayokaa juu ya utando wa aina mojawapo ya seli nyeupe za damu ziitwazo seli T, na kwamba seli T zenye CD4 kazi yake kubwa ni kuamrisha na kusaidia, ilhali ndugu zake zenye protini ya CD8 ndizo zinazoua zenyewe. Taja pia seli B, ambazo hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomng'ang'ania adui, seli za NK, yaani wauaji wa asili, ambazo tutazihitaji baadaye kidogo, na makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Usikae hapo muda mrefu, kwa sababu majina peke yake hayamsaidii mtu.

Baada ya hapo, waeleze jambo ambalo huwashangaza wasikilizaji kila mara. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye CD4 zake zimeshuka huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi na saratani ya Kaposi, ambazo zote mbili husababishwa na virusi. Saratani ya titi haimo katika kundi hilo. Haijaonekana kuongezeka kwa wanawake wenye maambukizi hayo. Iwapo ugonjwa huu ungetokana tu na uchache wa askari, wanawake hao ndio wangekuwa wa kwanza kuupata. Waache wasikilizaji walitafakari jambo hilo kwa muda. Litamke kwa staha, bila kumkazia macho mtu yeyote, kwa kuwa katika kundi la watu kumi na wawili hujui ni nani anaishi na hali gani.

Uzi wa shanga tisa

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na mimi huwa natumia karibu nusu ya muda wote hapa. Seli T haina macho. Haiioni seli nyingine kwa ukamilifu wake, haijui rangi yake wala umbo lake. Inachoweza kufanya ni kupapasa. Kila seli ya mwili yenye kiini, iwe ya titi, ya ini au ya ngozi, hukatakata baadhi ya protini zake yenyewe na kuvitoa vipande vyake nje ya utando, vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA, zilezile zinazolinganishwa kabla ya ndugu mmoja kumpa mwenzake figo. Kipande kimoja huwa na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, nane hadi kumi na moja, na mara nyingi huwa tisa. Seli T yenye CD8 hupapasa kipande hicho pamoja na molekuli iliyokishika, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kimoja bila kingine hakiiambii kitu. Sharti hilo la vitu viwili liligunduliwa na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipokuwa Canberra, Australia, wakichunguza panya walioambukizwa virusi. Walichapisha matokeo yao mwaka 1974, na mwaka 1996 walipewa Tuzo ya Nobel.

Maneno hayo ni mazito, kwa hiyo yafanye yashikike mkononi. Tunga nyuzi za shanga tisa tisa zinazolingana, kila ushanga ukiwa asidi amino moja. Kwenye uzi mmoja, ondoa ushanga mmoja wa katikati na badala yake uweke ulio mkubwa kidogo kuliko wenzake, tofauti ambayo jicho la aliye mbali halitaigundua, lakini kidole kitaihisi. Mfunge mama mmoja kanga usoni. Huyo ndiye seli T. Wengine wakae mkekani, kila mmoja akiushika uzi wake kwa vidole vya mikono miwili na kuunyoosha. Vidole hivyo ndivyo HLA. Mama aliyefungwa kanga apite kwa kila mmoja akipapasa, bila kuambiwa chochote. Atakapoufikia uzi wenye ushanga mkubwa, atasimama mwenyewe, na wenzake watapiga vigelegele kabla hujawaruhusu.

Waache wafurahi, kisha uwaambie kwamba ushanga ule mmoja ndio mabadiliko ya jeni. Wape mfano wa kweli: protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isigawanyike, ina asidi amino 393, na jeni yake huwa imebadilika katika takriban theluthi moja ya saratani za titi. Mara nyingi kilichobadilika ni asidi amino moja tu katika hizo 393. Saratani nzima, pamoja na maumivu yake yote, inaweza kuwa inajitangaza kwa kinga kwa tofauti ndogo kiasi hicho.

Kisha rudia zoezi kwa namna ya pili, ambayo walimu wengi wangeiruka na ambayo mimi naiona ndiyo muhimu zaidi. Safari hii usiweke ushanga mkubwa popote. Weka ushanga wenye ukubwa uleule, ila wa rangi nyingine. Watu wote waliokaa mkekani watauona. Mama mwenye kanga usoni atapita mwanzo hadi mwisho asisimame hata mara moja. Mabadiliko yapo, lakini hayagusiki. Ndivyo inavyotokea mwilini, kwa sababu si kila kipande kilichobadilika hukaa vizuri kwenye HLA, na kwa kuwa HLA hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kipande kinachoshikwa barabara katika mwili wa mwanamke mmoja huweza kudondoka katika mwili wa jirani yake. Ongeza kwamba saratani ya titi kwa kawaida ina mabadiliko machache ya jeni kuliko saratani ya ngozi iliyosababishwa na jua au ile ya mapafu ya mvutaji sigara, na kwa hiyo hata shanga ngeni zenyewe ni chache za kupapasa.

Mtu atauliza kwa nini basi seli T zisifanywe ziwe na shaka zaidi. Jibu lipo kwenye thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambako seli T changa hupitia chuo chake. Zaidi ya tisa katika kila kumi hazitoki humo zikiwa hai. Nyingi hufa kwa kushindwa kupapasa chochote, na nyingine huondolewa kwa kuwa zilizishikilia kwa ukali shanga za mwili wenyewe. Bila mchujo huo kinga ingekuwa inashambulia kongosho, ngozi na viungo vya mifupa yetu. Gharama yake ni kwamba seli zile ambazo zingekuwa kali dhidi ya protini za kawaida za titi zilikwisha kuondolewa zamani, na seli ya saratani, ukiacha shanga zake chache zilizobadilika, kwa sehemu kubwa ni titi lenyewe.

Sinia la futari

Sasa panga watu watano, wanne kati yao wakiwa na sinia mbele yao na mmoja akiwa hana. Wakumbushe jioni za Ramadhani katika mitaa yetu, ambapo adhana ya magharibi inapokaribia kila nyumba hutoa sinia lake barazani, na apitaye hujua bila kuuliza kwamba humo ndani mna watu na mambo ni shwari. Waulize wangefanya nini iwapo nyumba iliyokuwa ikitoa sinia kila siku ingefunga mlango siku ya kumi na kusiwe na chochote nje. Sijawahi kufika kikundi ambacho jibu halikuwa moja: wangekwenda kupiga hodi.

Hivyo ndivyo seli za NK zinavyofanya kazi. Seli T hupapasa kilicho kwenye sinia. Seli ya NK huangalia kama sinia lenyewe, yaani HLA, lipo. Baadhi ya seli za saratani ya titi, ili zisipapaswe, huacha kutoa HLA, na kwa kufanya hivyo hukwepa seli T lakini hujiweka wazi kwa NK. Wazo hilo la kutambua kilichokosekana lilitolewa na Mswidi Klas Kärre katikati ya miaka ya 1980, na limethibitika. Ongeza kwamba NK haiamui kwa kutokuwepo kwa sinia pekee. Hupapasa pia protini ambazo seli iliyo katika msukosuko huzitoa nje, mojawapo ikiitwa MICA, kisha hupima ishara za kuizuia na za kuichochea kabla ya kuchukua hatua. Kuna saratani zinazotoa HLA kidogo tu, kiasi cha kuituliza NK bila kuiamsha seli T, na hizo ni ngumu kwa pande zote mbili.

Safari ya kwapani

Wasikilizaji wengi hudhani askari wa mwili hukaa palepale kwenye titi wakisubiri. Wapo wachache, lakini jeshi kubwa huandaliwa kwingine. Seli yenye matawi, iitwayo seli ya dendriti, ambayo Ralph Steinman na Zanvil Cohn waliielezea mwaka 1973, huokota mabaki ya seli za saratani zilizokufa, huyakatakata, huyapachika kwenye HLA zake, na kusafiri nayo kwa njia ya mishipa ya limfu, yaani majimaji yanayotoka kwenye tishu za mwili, hadi kwenye tezi za kwapani, kwa kuwa huko ndiko limfu ya titi inakoelekea kwa sehemu kubwa.

Kwenye tezi hizo seli T ambazo hazijawahi kupigana huingia kutoka kwenye damu, hupapasa seli za dendriti moja baada ya nyingine, na zisipopata kitu huondoka ndani ya siku moja hivi kuelekea tezi nyingine. Mtu wa Tanga halihitaji jambo hilo kufafanuliwa zaidi. Waambie tu kwamba seli hizo ni waja leo waondoka leo, nao watalikumbuka hadi mwaka unaofuata. Ile moja iliyobahatika kukutana na shanga inayoifaa ndiyo inayobaki. Lakini hata hiyo haianzi vita kwa kupapasa peke yake. Lazima seli ya dendriti iipe uthibitisho wa pili, unaopokewa na protini ya CD28 iliyo juu ya seli T, kwamba mahali kilikotoka kipande hicho pana hatari kweli. Vijidudu huleta ishara za hatari vyenyewe. Uvimbe wa saratani hukua kimyakimya, hautoi kelele nyingi, na seli T iliyopapasa bila kupewa uthibitisho wa pili hunyamazishwa badala ya kuamshwa. Ikithibitishiwa, hujigawa kwa siku kadhaa hadi kufikia maelfu ya seli zenye mkono uleule wa kupapasa, ambazo hutoka kwapani na kufuata damu hadi kwenye titi.

Tumia nafasi hii kueleza kwa nini daktari hupapasa na kwapa pia. Mtoki wa kwapani unaweza kuvimba kwa sababu ya kidonda cha mkono, kwa sababu ya seli za kinga zinazoongezeka, au kwa sababu seli za saratani zenyewe zimehamia humo, na kidole hakiwezi kutofautisha mambo hayo. Kinachotofautisha ni kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama, au majimaji kwa sindano na kuangaliwa kwa hadubini. Usimruhusu mtu aondoke akiamini kwamba kila mtoki ni saratani, na usimruhusu mwingine aondoke akiamini kwamba mtoki usiouma ni salama.

Pigo lenyewe

Sehemu hii husisimua, na kwa hiyo haihitaji maneno mengi. Seli T yenye CD8 ikishapapasa na kuthibitisha, hujibana kwenye seli ya saratani, na katika eneo hilo dogo walilogusana humimina protini za aina mbili. Ya kwanza, perforini, hutoboa matundu kwenye utando. Ya pili, granzaimu, huingia na kuwasha mfululizo wa vimeng'enya ambavyo seli ile ilikuwa navyo tangu kuumbwa kwake kwa ajili ya kujiua. Kwa maneno mengine, seli ya saratani haisambaratishwi kutoka nje, bali huamriwa ife, nayo hujikunja, hukatakata vinasaba vyake na kugawanyika vifurushi ambavyo makrofaji huvimeza. Seli T hujibandua na kwenda kutafuta nyingine. NK hutumia silaha hizohizo. Seli T hutoa pia interferoni gama, ambayo huzilazimisha seli za jirani kutoa HLA nyingi zaidi, kana kwamba mtaa mzima umeamriwa kuweka masinia nje.

Jinsi adui anavyojisitiri

Interferoni hiyohiyo inaleta jambo la kusikitisha. Seli ya saratani inapoihisi, huweza kutoa juu ya utando wake protini iitwayo PD-L1. Seli T iliyokwisha kupigana kwa muda huwa na protini inayopokea ujumbe huo, iitwayo PD-1, iliyogunduliwa na kundi la Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani, mwaka 1992. Protini hizo mbili zikikutana, seli T hupungukiwa na ukali na hatimaye huchoka. Mfumo huo haukuumbwa kwa ajili ya saratani. Uliumbwa kutuliza vita vilivyokwisha ili mwili usijiharibu wenyewe, na saratani imeuazima.

Zipo njia nyingine. Uvimbe huvuta seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ya halali ni kuwazuia wenzake wasizidishe. Huwageuza makrofaji, ambao badala ya kumeza huanza kusaidia ujenzi wa mishipa mipya ya damu ya kuulisha uvimbe. Hujizungushia nyuzi ngumu za kolajeni ambazo seli T hushindwa kuzipenya, na daktari wa patholojia akitazama kwa hadubini huziona zimejazana pembezoni bila kuingia. Ukifika hapa, rudi kwenye swali la yule mama na uliulize kwa sauti: je, kinga ilikuwa imelala? Baadhi ya wanawake hutokwa na machozi wanapotambua kwamba mwili wao haukuwatelekeza. Wape muda wao, na usiharakishe kipindi kinachofuata.

Kusoma majibu ya kipimo kwa jicho la kinga

Mgonjwa anayetoka Tanga na kupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huenda akiwa na karatasi ya majibu ya kinyama, na mara nyingi hajui kilichoandikwa humo. Tafuta kwanza maneno ER na PR, ambayo ni vipokezi vya homoni, kisha HER2, protini ya kwenye utando wa seli inayopitisha ishara za ukuaji. Matokeo ya HER2 huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. Tatu maana yake protini hiyo imejaa kwenye utando wa seli. Mbili maana yake haijulikani, na kipimo cha pili cha kuhesabu nakala za jeni kinahitajika kabla ya kuamua. Mtu mwenye 2+ aulize juu ya kipimo hicho cha pili asiporudiwa nacho.

Kati ya saratani za titi, takriban asilimia 15 hadi 20 huwa na HER2 kwa wingi. Kwa hizo ipo dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Upande mmoja huing'ang'ania HER2 na kuzuia ishara za ukuaji. Upande wa pili unabaki umejitokeza nje kama mpini, na seli za NK pamoja na makrofaji wana kipokezi cha kuushika mpini huo. Hapa seli za kinga hazihitaji ushanga wala sinia, kwa sababu kingamwili imekwisha kumwekea adui alama. Mgonjwa wa dawa hii anapaswa kupimwa moyo kabla na wakati wa matibabu, kwani inaweza kuudhoofisha.

Majibu yakisema ER, PR na HER2 zote hazipo, hiyo ndiyo inayoitwa hasi tatu, aina ambayo huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko kwa wale wa Ulaya. Ni kali, na dawa za homoni haziisaidii. Hata hivyo ndiyo ambayo mara nyingi hukutwa na seli T nyingi ndani ya uvimbe, na wingi huo kwa kawaida huashiria matokeo bora ya matibabu. Kwa sababu hiyo dawa ya pembrolizumabu, inayoizuia PD-1 isipokee ule ujumbe wa kutulia, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 itumike pamoja na kemotherapi kwa saratani ya aina hiyo ambayo haijasambaa lakini ina hatari kubwa ya kurudi. Bei yake ni kubwa mno kwa familia zetu nyingi, nami naona ni wajibu kulisema hilo waziwazi badala ya kumtia mtu matumaini yatakayouza shamba. Madhara yake pia hutokana na kinga yenyewe: ikifunguliwa kamba, huweza kushambulia tezi ya shingo, mapafu, utumbo au ngozi.

Maswali utakayoulizwa

Utaulizwa kuhusu mlonge, mwarobaini na habasoda. Usidharau, kwa kuwa hivi ni vitu vya jikoni na vya wazee wetu, lakini jibu kwa kurejea kwenye shanga: hakuna jani lililothibitishwa kuifundisha seli T kuugundua ushanga ambao haikuweza kuuhisi, na hakuna linaloweza kushika nafasi ya upasuaji, kemotherapi au mionzi. Mgonjwa anayetumia dawa yoyote ya miti shamba amwambie daktari wake, kwa kuwa baadhi huingiliana na dawa za hospitali.

Utaulizwa kuhusu chanjo. Hapa pana mkanganyiko, kwa sababu chanjo ya HPV inayotolewa kwa wasichana nchini tangu mwaka 2018 huitwa na wengi chanjo ya saratani. Eleza kwamba hiyo inazuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huletwa na virusi, na virusi ni mgeni anayetambulika. Watu wa mkoa wetu wanaijua kazi ya chanjo. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, palikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Kimelea cha malaria nacho ni mgeni. Kwa saratani ya titi watafiti wanajaribu chanjo za kuzifundisha seli T shanga zilizobadilika, lakini hadi sasa hakuna iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.

Na utaulizwa, pengine pembeni baada ya wengine kuondoka, kama ugonjwa umetokana na hasira, husuda au jambo ambalo mama huyo alilifanya. Mjibu kwamba mwaka 2022 pekee wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa na saratani ya titi, wa kila dini na kila tabia, na wanaume wachache pia. Shanga hubadilika seli zinapogawanyika, na umri unavyosonga mabadiliko hayo hujikusanya.

Kabla ya kufunga, fundisha vidole vilevile vilivyopapasa shanga kulijua titi katika hali yake ya kawaida. Uvimbe mpya, hata usiouma, kwenye titi au kwapani. Ngozi iliyobonyea au kufanana na ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ghafla au kutoa damu: kila mojawapo ni sababu ya kwenda zahanati wiki hiyohiyo, maana uvimbe ungali mdogo njia zake za kujisitiri nazo ni chache na upasuaji huweza kuuondoa wote.

Mwisho, mwite yule mama aliyefungwa kanga usoni asimame na awaeleze wenzake kwa maneno yake kwa nini kinga haikuuondoa uvimbe. Akisema ilikuwa imelala, rudi kwenye shanga. Akisema haikumtambua, kusanya masinia.